Mita 22 za Mawe, Matema

Fundi alikuja siku ya mvua, mkononi ana mwavuli na vijiti vitatu. Shangazi alikuwa amempigia simu mara mbili siku za jua, na mara zote mbili alijibu kwamba atakuja mvua ikinyesha.

"Mugonile, Mwalimu," aliamkia akiwa bado getini. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, na hapa Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hata waliomzidi umri humwita hivyo.

"Ndaga, fundi. Ingia basi barazani, unalowa."

"Niache kwanza niyaone maji yenyewe."

Akasimama nje hadi chai aliyowekewa ikapoa. Aliyatazama maji yanavyodondoka kutoka kwenye bati, yanavyokutana chini ya mwembe, yanavyoingia njiani na kushuka nayo mpaka barabarani, yamebeba udongo rangi ya chai ya maziwa. Alichomeka kijiti kimoja pale maji yalipoingilia njia, cha pili pale yalipotuama, cha tatu upande wa migomba, mahali ambapo yangeweza kutokea kama yangefunguliwa mlango. Kisha akanywa chai yake ya baridi akiwa wima, akaaga. Ilikuwa mwishoni mwa Mei. Kazi ilianza Julai, na kwa kuwa nilikuwa likizo, nilikaa siku zote tisa nikimtazama.

Naandika nilichokiona kwa sababu kazi hii inadharauliwa. Watu husema "kupanga mawe" kama wanavyosema kupanga viatu mlangoni.

Kutoka geti la shangazi hadi barazani ni mita 22. Njia ilikuwa ya udongo mtupu, na ilifagiliwa kila alfajiri. Usafi wa viwanja ni sifa ya zamani ya Wanyakyusa. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliandika kwa mshangao juu ya nyumba nadhifu na viwanja visafi alivyovikuta katikati ya migomba. Lakini ufagio nao unakula. Kila asubuhi unaondoka na chembe chache za udongo, miguu inaondoka na nyingine, na baada ya miaka arobaini njia ya shangazi ilikuwa imeshuka karibu sentimita 15 chini ya nyasi za pembeni. Eneo hili la Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka Machi, Aprili na Mei. Miezi hiyo njia iligeuka mfereji. Aliyekuja kusalimia alivua viatu getini akatembea pekupeku hadi barazani, na shangazi, ambaye goti lake la kushoto linamsumbua, alikuwa hatoki nje mpaka jua liwake. Alilala kitandani akisikiliza mvua na kuhesabu siku za ibada alizozikosa.

Kwa hiyo jambo la kwanza lililomsumbua fundi halikuwa mawe. Maji yalihitaji njia yao wenyewe, ili watu nao wapate ya kwao.

Sasa mawe. Bonde la Kyela ni nchi ya udongo. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo imeshusha tope kwa maelfu ya miaka, na juu ya tope hilo ndiko unakoota ule mpunga unaotafutwa nchi nzima, na mikakao, na michikichi. Mkulima wa Ipinda anaweza kulima msimu mzima bila jembe lake kugonga jiwe. Mawe yako pembeni, milimani, na milima yenyewe ni ya aina mbili. Upande wa kaskazini kuna Rungwe, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 2,960, pamoja na ndugu zake kama Kyejo, ambao ulimwaga lava mara ya mwisho kiasi cha miaka 200 iliyopita. Huko jiwe ni bazalti: jeusi, zito, lenye vitundu vidogo vidogo kama andazi lililoumuka. Ni hilohilo lililounda Daraja la Mungu, daraja la asili juu ya mto Kiwira. Upande wa mashariki ndiyo Milima ya Livingstone, ukuta uliosimama moja kwa moja kutoka majini, penye mpasuko wa Bonde la Ufa. Mawe ya huko ni ya kale mno. Yalibanwa na kupikwa chini ya ardhi kabla hakujawa na ziwa, na kubanwa huko kuliyaachia mistari ya rangi, nyeupe na kijivu na nyeusi, iliyolala sambamba. Wanajiolojia huliita jiwe hilo naisi. Ukipiga tindo kwa kufuata mstari, jiwe hufunguka bapa.

Fundi haiiti bazalti wala naisi. Anasema jiwe la Tukuyu, kule Rungwe, na jiwe la hapa. "La Tukuyu lina nguvu lakini halina uso," aliniambia. "La hapa lina uso, na lina kisogo." Uso ndio unaokanyagwa, kisogo ndicho kinacholala mchangani. Maneno hayo mawili niliyasikia siku tisa mfululizo, na baada ya siku ya tatu nami nilikuwa siwezi kuliona jiwe bila kulitafutia uso.

Lakini hakuchagua moja akaacha jingine. Njia ile ina milima yote miwili ndani yake. Chini kuna kokoto za bazalti zilizopasuliwa kwa nyundo upande wa Tukuyu, zilizoshuka kwa lori. Juu kuna mawe mapana ya Livingstone. Sababu ni ya kiufundi kabisa. Kokoto iliyopasuliwa ina pembe kali, na pembe zikishindiliwa hung'ang'aniana. Changarawe ya mviringo ingeviringika chini ya uzito kama maharage kwenye gunia. Na juu, bazalti ingeunguza. Saa saba mchana pale Matema jiwe jeusi halikanyagiki kwa mguu mtupu, ilhali naisi ya kijivu inakanyagika, na shangazi hupenda kutembea bila viatu nyumbani kwake.

Nilimuuliza kwa nini asichukue mawe ya ufukweni, maana mazuri kuliko yote yako pale. Mchanga wa Matema unaishia mashariki, baada ya Lyulilo, na kutoka hapo kuelekea Ikombe ni miamba na mawe yaliyosuguliwa na mawimbi mpaka yakawa laini kama ngozi ya mtoto.

"Yale yana wenyewe," alisema.

Nilidhani anazungumzia mizimu. Alikuwa anazungumzia samaki, na ana haki. Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za samaki wa jamii ya sikilidi, wale wadogo wa rangi za buluu na manjano, na wengi wao huishi kwenye miamba tu. Dume hushika upenyo wake kati ya mawe mawili na kuulinda. Jike hubeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Zipo aina zisizovuka hata eneo la mchanga kwenda kwenye miamba ya jirani, hivyo ufukwe mmoja wa mawe unaweza kuwa nchi yote wanayoijua. Mtoni nako ni vilevile. Mbasa, samaki anayeheshimiwa kuliko wote kwenye meza ya Kyela, hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga juu ya changarawe safi penye maji ya kasi. Anayezoa changarawe ya mto kwa ajili ya njia ya bustani anamvunjia mbasa kitanda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema jambo hilo kwa lugha yake: shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa ziwa. Fundi alikuwa anaijua ile 60. Aliitamka kama watu wanavyotamka umri wa mtoto wao.

Na ya mizimu pia yapo, nisije nikaonekana nimeyapita. Chini ya milima hii, kando ya ziwa, kuna Pali-Kyala, mahali pa matambiko ambapo mwanaanthropolojia Monica Wilson alipaeleza katika kitabu chake cha 1959 kuhusu ibada za Wanyakyusa. Kuna pia vichaka vya wazee ambamo haukatwi mti wala hakiokotwi kitu. Fundi ni Mlutheri wa kila Jumapili, lakini kabla ya kununua rundo lolote huuliza limetoka wapi, na jibu likiwa la kusitasita huliacha.

Mawe ya shangazi yalitoka kwenye shamba la mihogo mguuni pa mlima. Mwenye shamba alikuwa ameyang'oa mwaka baada ya mwaka na kuyarundika kwenye mpaka, akiyaona ni adui. Alishangaa kulipwa. Fundi alikaa pale kutwa nzima akichagua, na nadhani alichukua jiwe moja katika kila sita. Kila moja aliliinua upande, akaligonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Jiwe zima hulia. Jiwe lenye ufa ndani hukohoa. Baada ya jioni moja nami niliweza kusikia tofauti, ingawa yeye alisikia ufa mahali ambapo mimi nilisikia mlio mzuri kabisa, na alipolipasua kunionyesha, ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, umeingiwa na kutu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwenye mnada wa vyungu pale Lyulilo. Wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu Ikombe, na vyungu huletwa kwa mitumbwi vikapangwa mchangani kwa mamia, vidogo juu ya vikubwa. Mnunuzi hainunui rangi. Anakishika chungu ukingoni, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Fundi aligonga vitano akachukua cha sita. Nilielewa basi kwamba sikio lile hakulipata kwenye mawe. Alizaliwa mahali ambapo kila mama anajua sauti ya kitu kizima.

Kuchimba kulichukua siku tatu, theluthi nzima ya kazi. Alipiga vigingi, akafunga kamba pande zote mbili, upana mita 1 na sentimita 10, ili watu wawili waliobeba kitu waweze kupishana kwa heshima. Kamba haikunyooka. Karibu na mwembe ilipinda kidogo, kwa sababu mizizi ilikuwa pale kwanza, na yeye hakati mzizi wa mwembe unaozaa. Kisha sururu, kisha beleshi, kina cha sentimita 20 kutoka kwenye usawa wa nyasi, na pale penye tope jepesi akazidisha. Toroli zilizotoka ni zaidi ya 80. Udongo wote ulipelekwa kwenye migomba, na hapo ndipo alipofungua mlango alioupigia kijiti mwezi Mei: mfereji wa pembeni, wenye kina cha kiganja, unaopokea maji ya bati na kuyapeleka migombani badala ya barabarani. Wapita njia waliuliza kama Mwalimu anaweka bomba. Siku ya tatu jioni palikuwa na shimo refu na hakuna jiwe hata moja, na shangazi, ambaye ni mvumilivu, alikuwa anamtazama fundi kwa jicho la mtu aliyekwisha kulipa nusu.

Ningependa kila anayemwajiri fundi wa mawe aishi siku hiyo ya tatu. Kenneth Wright, mhandisi wa maji kutoka Marekani aliyeichunguza kwa miaka mingi Machu Picchu, mji wa mawe wa Wainka kule Peru, alikadiria kwamba takriban asilimia 60 ya kazi yote ya ujenzi iko chini ya ardhi, katika misingi na mifereji ambayo mtalii haioni. Mji ule uko juu ya mgongo wa mlima unaonyeshewa mvua nyingi, na bado umesimama. Waliouchimba walikuwa na wasiwasi uleule wa fundi wa Matema.

Kokoto ziliingia kwa tabaka mbili za sentimita 6. Kila tabaka lilimwagiwa maji na kushindiliwa kwa gogo zito lenye mikono miwili, yeye na kijana wake wakipokezana, mpaka gogo likaanza kuruka badala ya kuzama. Hapo ndipo alipotoa mpira mwembamba unaoona ndani, akaujaza maji, akashika ncha moja na kijana akashika nyingine. Maji ndani ya mpira husimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili hata kama kati yake kuna mlima. Kwa hiyo fundi aliyekuja Mei kuyasoma maji, Julai aliyatumia kama rula. Alitaka njia iiname sentimita 2 kuelekea mferejini katika upana wake wote. Mwinamo huo hauonekani kwa jicho. Ukitembea juu yake huuhisi. Maji yanauhisi.

Juu ya kokoto akamwaga mchanga, unene wa vidole viwili. Ndipo siku ya tano likaingia jiwe la kwanza.

Alianzia barazani. Jiwe la kwanza lilikuwa kubwa kuliko yote, urefu wake karibu mita moja, na lilihitaji watu watatu na mtaimbo. Alililaza, akalikanyaga, akaliinua. Akakwangua mchanga kidogo upande wa kulia, akalilaza tena, akapanda juu yake akafumba macho, akahamisha uzito kutoka kisigino hadi vidole, kutoka mguu hadi mguu. Akaliinua tena. Nilihesabu mara tano. Mara ya nne mimi nilikuwa siwezi kuona kasoro yoyote, kijana wake pia hakuiona, na jiwe lilikuwa na uzito wa kutoa jasho hata kwa kulitazama. Mara ya tano alisimama juu yake akakaa kimya, kisha akasema, "Limelala." Halikuguswa tena.

Neno hilo ndilo kipimo chake chote. Jiwe lililolala halichezi, halitoi sauti likikanyagwa kwenye kona, na kisogo chake chote kinagusa mchanga. Mafundi wa haraka wana dawa ya jiwe linalocheza: huchomeka kijiwe chini ya ukingo kama kabari, na jiwe hutulia siku hiyo. Fundi huyu alinionyesha kwa nini ni dawa mbaya. Uzito wote unakaa juu ya kile kijiwe kimoja, mchanga unaondoka kidogo kidogo na mvua, na siku moja jiwe linapasuka katikati mtu akiwa juu yake na ndoo. Kabari huwekwa kati ya jiwe na jiwe, pembeni. Chini ya jiwe ni mchanga tu.

Jambo la pili ni viungo, ile mianya kati ya mawe. Yake ilikuwa upana wa kidole, na alikuwa na chuki moja kubwa: mto. Mto, kwa lugha yake, ni mianya iliyojipanga mstari mmoja kufuata urefu wa njia. "Ukiacha mto, mvua itaukuta," alisema, akang'oa mawe manne aliyoyalaza asubuhi kwa sababu mto ulikuwa umeanza bila yeye kuuona. Kwa hiyo kila mwanya ukikimbia nusu mita, jiwe jipya linaukata kwa tumbo lake. Wala pembe nne hazikutani mahali pamoja. Zikikutana, hapo kati panakuwa shimo linaloshika kisigino. Mawe marefu aliyalaza kukingama njia, na madogo aliyaweka katikati, kamwe si ukingoni, kwa kuwa ukingo ndio unaosukumwa na miguu na jiwe dogo halina pa kujishikilia.

Kuna utaratibu mmoja ambao sikuutarajia. Siku ya tano asubuhi, kabla ya jiwe la kwanza, alimwomba shangazi atembee. "Mwalimu, nakuomba upite hapa mara tatu, mwendo wako wa kawaida, na ndoo yako." Shangazi akapita juu ya mchanga na ndoo mkononi, na kila mguu ulipotua fundi alidondosha chembe ya majivu. Ilipofika mara ya tatu majivu yalikuwa yanaangukia karibu mahali palepale, hatua fupi, ya kulia ndefu kidogo kuliko ya kushoto kwa sababu ya goti. Akachagua mawe yenye uso mpana kuliko yote na kuyalaza pale penye majivu, hasa hatua nne za mwisho kabla ya baraza, ambapo mtu aliyechoka huacha kutazama chini. Kule Japani inasimuliwa kwamba Sen no Rikyū, bwana mkubwa wa chai wa karne ya 16, alitaka mawe ya bustani yawe sehemu sita kwa ajili ya kutembea na nne kwa ajili ya macho. Na mwanafunzi wake Furuta Oribe akageuza, nne za mguu na sita za jicho. Fundi wetu yuko upande wa Rikyū, tena amemzidi. Sidhani kama aliyapa macho zaidi ya mbili.

Na bado njia ni nzuri. Nadhani ni nzuri kwa sababu hiyo. Mistari ya naisi inakwenda huku na huku, jiwe moja lina mshipa mweupe kama mkanda wa kanzu, jingine lina chembe zinazometa jioni jua likiwa juu ya maji. Hakuna aliyeyapangia rangi. Yalichaguliwa kwa uso, kwa unene na kwa hatua ya mwanamke mmoja mwenye goti bovu, na uzuri ulikuja ukiwa umepanda lori lilelile.

Nilimuuliza kuhusu saruji, kwa kuwa nyumba nyingi mpya kati ya Kyela mjini na Matema zimewekewa zege au yale matofali ya pevingi. Hakuyatukana. Aliniambia tu kwamba udongo wa hapa huvimba ukinywa na husinyaa ukikauka. Zege likipasuka unalivunja lote. Jiwe likizama unainua hilo moja. Hoja yake ina ushahidi wa zamani hapa nchini. Engaruka, chini ya ukingo mwingine wa Bonde la Ufa huko kaskazini, wakulima walijenga kuta za matuta na mifereji ya kumwagilia kwa mawe matupu bila chokaa wala udongo wa kuunganisha. Wao waliondoka kiasi cha karne tatu zilizopita. Kuta nyingi bado ziko pale walipoziacha, kwa kuwa maji hupenya kati ya mawe badala ya kuyasukuma.

Siku ya nane na ya tisa zilikuwa za kujaza. Mchanga mkavu uliochanganywa na unga wa kokoto ulimwagwa juu ya mawe na kusukumwa kwa ufagio uingie kwenye mianya, kisha maji kidogo, kisha mchanga tena, kwa sababu maji huonyesha mahali ambapo mwanya ulidanganya kwamba umejaa. Mara nne. Pembeni alirudisha ukoka aliokuwa ameung'oa siku ya kwanza na kuuweka kivulini chini ya magunia yenye maji, nami nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ukoka huo upo. Uso wa kila jiwe ulibaki na ukwaru wake wa asili. Shangazi alitaka ung'arishwe, na hiyo ndiyo mara pekee aliyomkatalia. Jiwe laini likipata kivuli cha mwembe na mvua ya miezi sita huota koga ya kijani, na koga huangusha watu.

Mawe yote ni 143. Nilipiga hesabu ya unene na upana wake nikapata zaidi ya tani 4 za mlima, zimelala kati ya geti na baraza, na kila moja limekanyagwa kwa macho yaliyofumbwa.

Jambo moja namwomba msomaji mwenye kiwanja. Ukipata fundi wa namna hii, usimhesabie mawe aliyolaza kwa siku. Mlipe siku ya kuchimba sawa na siku ya kulaza, na akikuambia atakuja mvua ikinyesha, msubiri.

Nilirudi Matema mwezi Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima, na asubuhi maji yalikuwa yanakimbia mferejini kuelekea migombani, na njia ilikuwa imelowa lakini haina dimbwi. Shangazi alinipokea getini, si barazani. Aliniambia kwamba jiwe moja, la tatu kutoka kwenye mwembe, lilikuwa limezama upande mmoja mwezi Machi. Fundi alikuja na mtaimbo, akaliinua, akaongeza mchanga kama viganja viwili, akasimama juu yake macho yamefumbwa. Ilimchukua chini ya nusu saa. Alikataa hela, akanywa chai, safari hii ya moto.